Foleni za Likoni na hesabu za Erlang

Wakazi wa Kisauni wana daraja jipya la Nyali tangu mwaka 1980, na wa Changamwe huingia kisiwani kwa Makupa bila ya kupanda chombo. Wa Likoni ndio walioandikiwa feri, na anayetegemea feri hana budi kungoja. Neno lenyewe foleni, sisi wanaisimu twalitambua kuwa ni amri ya gwaride la Waingereza iliyokwisha kuswahilishwa. Hata hivyo, aliyeufundisha ulimwengu kwamba kungoja kwaweza kupimwa hakuwa Mwingereza wala askari. Alikuwa Mdenmarki mpole, Agner Krarup Erlang, na maisha yake yafaa kujulikana na kila mwenye mamlaka juu ya kivuko, benki au hospitali.

Erlang alizaliwa tarehe 1 Januari 1878 katika kijiji cha Lønborg, mtoto wa mwalimu wa shule. Yasimuliwa kwamba utotoni, kaka yake alipokuwa akisoma kitabu mezani, yeye aliketi upande wa pili na kukisoma hicho hicho juu chini. Alipokuwa na umri wa miaka 14 alifaulu mtihani wa kuingia Chuo Kikuu cha Copenhagen, na kwa udogo wake ilibidi apewe kibali maalumu. Akarudi kwao kusaidia kufundisha katika shule ya baba yake, kisha akaenda chuoni na kuhitimu katika hisabati mwaka 1901. Kwa miaka kadhaa baadaye kazi yake ilikuwa ualimu.

Mwaka 1908 aliajiriwa na Kampuni ya Simu ya Copenhagen, baada ya kujuana na mhandisi mkuu wake, Johan Jensen, ambaye naye alikuwa mwanahisabati. Zama hizo simu ziliunganishwa kwa mikono ya wafanyakazi. Wakiwa wachache, wateja hungoja na kunung'unika. Wakiwa wengi, kampuni hupata hasara. Je, watoshao ni wangapi? Wengine wangalikisia. Erlang alipima. Mwaka 1909 alionyesha kwamba simu zipigwazo bila ya mpango hufuata kanuni ya bahati iliyogunduliwa zamani na Mfaransa Poisson. Mwaka 1917 akatoa fomula za kukadiria ni simu ngapi zitakosa nafasi, na wapigaji watangoja muda gani.

Funzo lililomo katika hesabu hizo hushangaza. Tuchukue karani mmoja wa kukata tikiti za magari, ambaye kila gari humchukua wastani wa dakika moja, nayo magari huja ovyo ovyo. Akiwa na shughuli nusu ya wakati wake, kila gari litangoja wastani wa dakika 1. Shughuli zikifika asilimia 80, kungoja kutakuwa dakika 4. Zikifika 90, dakika 9. Zikifika 95, dakika 19. Kazi iliyoongezeka ni kidogo, bali foleni imevimba mno. Kwa hiyo meneja ajivuniaye kwamba vyombo vyake havipumziki hata dakika hajui kuwa anajivunia foleni yenyewe.

Erlang hakuwa mtu wa ofisini tu. Alizunguka mitaani Copenhagen pamoja na msaidizi aliyebeba ngazi, akishuka katika mashimo ya nyaya chini ya barabara ili apime mwenyewe. Hakuoa, alipenda vitabu, na aliwasaidia wahitaji bila ya kujitangaza. Alifariki tarehe 3 Februari 1929, akiwa na umri wa miaka 51. Mwaka 1946 jina lake likafanywa kipimo rasmi cha shughuli za simu duniani.

Sasa na turejee Kilindini. Idadi iliyozoeleka kutajwa ya wanaovuka Likoni ni zaidi ya watu 300,000 kwa siku. Lakini watu hao hawaji kwa wastani: huja alfajiri wakienda kazini na jioni wakirudi. Feri moja ikiharibika saa hizo, kivuko kilichokuwa kimeelemewa kidogo huelemewa kabisa. Foleni ikizidi huacha kuwa kero, ikawa hatari, kwa kuwa aliyechoka kungoja huona heri asongamane chomboni. Hatujasahau asubuhi ya tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipopinduka ikiwa imejaa kupita kiasi, wakafa watu 272.

Baada ya hapo zimenunuliwa feri nyingine, na mwaka 2020 likajengwa daraja la kuelea la waendao kwa miguu, Liwatoni. Ni hatua njema. Ninalolishikilia ni kwamba chombo cha akiba, kilichotulia gatini kikisubiri saa ya msongamano, si mali iliyopotea. Ndicho kinachofupisha foleni, na ndicho kinachookoa roho. Kila bajeti ya kivuko yapasa kukihesabu hivyo.

Wahenga walisema subira huvuta heri. Huo ni wasia kwa anayengoja. Haukuwa kamwe ruhusa kwa anayengojesha.