Sherrington na Hatamu za Mwili

Marehemu babangu alipopatwa na kiharusi, mkono wake wa kulia ulikunjika ukakakamaa. Nikadhani umekufa. Kumbe la, umekosa wa kuuzuia. Hayo nimeyafahamu kwa kusoma maisha ya tabibu Mwingereza, Charles Sherrington, aliyezaliwa London mwaka 1857.

Akifundisha Liverpool, kisha Oxford, alionyesha kuwa msuli mmoja ukivuta, ule unaoukabili huamrishwa ulegee, kama baharia alegezavyo kamba moja avutapo nyingine. Kulegea huko si uvivu. Ni kazi ya mishipa ya fahamu. Mwaka 1932 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Edgar Adrian.

Na profesa huyu hakujivuna: mwaka 1915, wakati wa vita, alifanya kibarua katika kiwanda cha silaha apate kujua uchovu ni nini.

Waliomfuata wakakuta kwamba hata nusu mbili za ubongo, zilizounganishwa na daraja la nyuzi kiasi cha milioni 200, huzuiana kwa njia hiyo. Yeye alifariki mwaka 1952, umri miaka 94.

Mkono wa babangu nilikuwa nikiukunjua taratibu kila baada ya sala ya alasiri. Ukikunjuka, kisha ukirudi.