Johannes Rebmann na Mkono wa Nyondo

Wako kati yetu huku Bariadi wamwuguzao mzazi au ndugu mwaka hata mwaka. Kwa ajili yao twaandika habari za Johannes Rebmann.

Alizaliwa mwaka 1820 huko Gerlingen, Ujerumani, akafika Mombasa mwaka 1846. Alikuwa mtu wa miguu. Tarehe 11 Mei 1848, akienda Uchaga, aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Baadhi ya wataalamu wa Ulaya hawakumsadiki. Hata mwaka 1856 ikapigwa chapa ramani aliyoifanya pamoja na Jakob Erhardt kwa habari za wasafiri, yenye ziwa moja kubwa mno. Ramani hiyo iliwavuta wengine kulitafuta, na mwaka 1858 Speke akaiona Nyanza upande wa Mwanza, katika nchi ya Wasukuma. Ndilo ziwa lipokealo maji ya mto wetu Simiyu.

Baada ya safari za Uchaga, Rebmann alikaa Rabai na mkewe Emma, akikusanya maneno ya lugha. Mtoto wao alikufa angali mchanga, na mwaka 1866 Emma naye akafariki. Kisha macho yake yakaingia giza. Yule msafiri sasa hakuweza kwenda pasipo kushikwa mkono.

Aliyemshika ni Isaka Nyondo, mwana wa Abe Gunja. Hawakuwa wa damu moja, lakini Nyondo alimtunza kama mwana amtunzavyo baba. Mwaka 1875 aliacha kwao, akavuka bahari pamoja naye kwenda Ulaya. Rebmann alifariki Korntal tarehe 4 Oktoba 1876.

Tukiwaza habari hizi, twamkumbuka Nyondo pia. Amshikaye kipofu mkono huenda kwa mwendo wa kipofu. Viungo vyake mwenyewe hupungua nguvu kwa kukosa kunyoshwa. Kazi aliyojulikana kwayo hulala. Mwisho watu husahau jina lake, wakamwita mtunza mgonjwa tu.

Basi, ndugu wa usharika, mmoja wetu na aketi na mgonjwa saa moja, ili mwuguzaji apate kutembea, kulima kidogo, au kuimba na wenzake. Tena tukimkuta njiani, tusimwulize habari za mgonjwa peke yake. Tumwulize na habari zake yeye, tukimwita kwa jina lake.