Thomas Coram: Nahodha aliyewafungulia mlango watoto waliotupwa

LEO hii mataifa kadhaa humruhusu mama aliyelemewa kumkabidhi mtoto wake mchanga mahali salama bila ya kushtakiwa. Karne tatu zilizopita, nahodha Mwingereza Thomas Coram alilipigania jambo hilo kwa miaka 17.

Coram alizaliwa Lyme Regis, kusini mwa Uingereza, yapata mwaka wa 1668. Mamaye alifariki yeye angali mdogo, na alipotimu miaka 11 akapelekwa baharini. Baadaye aliunda merikebu Massachusetts, iliyokuwa koloni ya Uingereza, na mnamo 1700 akamwoa Eunice Wait. Hawakujaliwa mtoto.

Aliporejea kwao alifanya makao Rotherhithe, karibu na London. Akienda mjini alikuwa akiona vitoto vimetupwa kando ya barabara, vingine vimekufa, vingine vikikata roho. Mwanamke aliyezaa nje ya ndoa alipoteza kazi na heshima, huku mwanamume akienda zake.

Wapinzani walidai kuwa kuwapokea watoto hao kungechochea uzinzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Coram aliwaendea wake wa makabaila, na 21 kati yao wakatia sahihi ombi lake. Mnamo Oktoba 17, 1739, Mfalme George wa Pili alitoa hati ya kuanzisha kituo cha Foundling Hospital.

Kilifungua mlango Hatton Garden, London, Machi 25, 1741. Aliyeleta mtoto hakuulizwa jina. Ilitosha mtoto awe hajapita miezi miwili, wala hana maradhi ya kuambukiza. Mama aliweza kuacha kipande cha kitambaa au sarafu iliyochorwa, kiwe kitambulisho endapo angerudi kumchukua mwanawe.

Watoto 30 walipokewa usiku huo, nafasi zikaisha. Kutoka 1742, akina mama walipigishwa kura. Aliyetoa mpira mweupe mfukoni, mtoto wake alipokewa akiwa na afya, mwekundu alingoja, mweusi alirudi na mtoto wake.

Mwaka huo huo, Coram alipoteza kiti chake katika kamati ya kituo baada ya kuhitilafiana na wenzake. Eunice alikuwa amefariki mnamo 1740. Nahodha alizeeka katika ufukara hata marafiki wakamchangia riziki. Aliaga dunia Machi 29, 1751, akazikwa katika kanisa la kituo hicho.

Kati ya 1756 na 1760, Bunge lilitoa fedha ili kila mtoto apokewe. Walifika karibu 15,000, wengi wao wakiwa wagonjwa na waliochoshwa na safari ndefu, na wanyonyeshaji hawakutosha. Takriban thuluthi mbili walifariki.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mlango alioufungua Coram uliokoa maisha pale tu ambapo ndani yake palikuwa na maziwa, dawa na mikono ya kutosha.