Barghash bin Said

Sayyid Barghash bin Said Al-Busaid (takriban 1837 – 26 Machi 1888) alikuwa Sultani wa pili wa Zanzibar. Alitawala kuanzia tarehe 7 Oktoba 1870 hadi kifo chake. Anakumbukwa kama mjenzi wa Beit al-Ajaib na majengo mengine ya Mji Mkongwe wa Unguja, na pia kama mtawala ambaye wakati wake Zanzibar ilipoteza sehemu kubwa ya bara.

Maisha ya awali

Barghash alikuwa mwana wa Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Zanzibar. Mama yake alikuwa suria Mhabeshi. Baada ya kifo cha baba yao mwaka 1856, kaka yake Majid alichukua utawala wa Zanzibar. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumpindua kwa msaada wa baadhi ya Waarabu na ndugu zake, akiwemo dada yake Salme. Jaribio hilo lilishindwa baada ya Waingereza kumsaidia Majid. Barghash alipelekwa uhamishoni Bombay, Uhindi, akarudi Unguja mwaka 1861.

Utawala

Majid alipofariki, Barghash alishika usultani. Alirudisha makao yote ya utawala Unguja, na kazi za ujenzi ambazo Majid alizianzisha Dar es Salaam ziliachwa.

Mwanzo wa utawala wake ulikuwa mgumu. Mwezi Aprili 1872 kimbunga kiliharibu merikebu na sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ingawa Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa. Tarehe 5 Juni 1873, baada ya konseli wa Uingereza John Kirk kumtishia kwamba manowari zitakifunga kisiwa, Barghash alitia saini mkataba wa kukataza biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na kufunga soko la watumwa mjini. Utumwa wenyewe katika mashamba ya karafuu uliendelea kuwa halali hadi mwaka 1897.

Uhusiano na Unyamwezi

Mapato ya Zanzibar yalitegemea sana ushuru wa pembe za ndovu na karafuu. Pembe nyingi zilitoka bara kupitia Tabora, zikibebwa na wapagazi Wanyamwezi hadi Bagamoyo. Kutoka Tabora njia nyingine ilielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda, ikipita katika Unyamwezi ya kaskazini, eneo ambalo leo liko katika Kahama na Ushetu pamoja na wilaya jirani. Kati ya miaka 1871 na 1875 mtemi Mirambo alipigana na Waarabu wa Tabora kuhusu ushuru na udhibiti wa njia za misafara. Barghash alipeleka askari kuwasaidia Waarabu, lakini hawakuweza kumshinda Mirambo. Baadaye Mirambo alibaki na nguvu kubwa katika eneo hilo hadi kifo chake mwaka 1884.

Majengo na huduma za mji

Barghash alikuwa ameishi Bombay, na mwaka 1875 alitembelea Uingereza, alikopokelewa na Malkia Victoria. Mambo aliyoyaona huko yanaonekana katika kazi zake mjini.

Mwaka 1883 alijenga Beit al-Ajaib kwenye uwanja ulio mbele ya bandari, karibu na Ngome Kongwe na jumba la Beit al-Sahel. Ilikuwa nyumba ya sherehe na mapokezi. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe, lakini baraza zake pana zinashikiliwa na nguzo za chuma, jambo lililokuwa jipya Unguja. Milango yake mikubwa imechongwa kwa ufundi wa pwani.

Majengo mengine yake ni jumba la Chukwani, jumba la Marahubi lililoungua mwaka 1899 na ambalo magofu yake bado yapo, pamoja na hamamu ya umma ya Hamamni. Pia alileta maji safi mjini kutoka chemchemi iliyoko kaskazini ya mji. Kabla ya hapo watu walitegemea visima, na kipindupindu cha miaka 1869-1870 kilikuwa kimeua maelfu. Alianzisha pia kiwanda cha chapa kilichotoa vitabu vya Kiibadhi.

Kupotea kwa bara

Mwishoni mwa mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters alifanya mikataba na machifu wa Usagara na maeneo jirani. Barghash alipinga, lakini mwezi Agosti 1885 manowari za Ujerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake na ikambidi akubali. Salme, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani, alikuja katika safari hiyo. Barghash alikataa kumpokea. Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kumwachia sultani visiwa na ukanda wa pwani wenye upana wa maili 10 tu.

Kifo na urithi

Barghash alifariki Unguja muda mfupi baada ya kurudi kutoka Omani, alikokwenda kutafuta nafuu ya ugonjwa. Alifuatwa na ndugu yake Khalifa bin Said.

Tarehe 27 Agosti 1896, baada ya mwanawe Khalid bin Barghash kujitangaza sultani, manowari za Uingereza zilipiga mizinga uwanja ule ule ambao baba yake aliupamba. Beit al-Hukm liliharibiwa kabisa na mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib ukaharibika. Katika ukarabati uliofuata, mnara wa saa uliunganishwa na uso wa jengo.

Beit al-Ajaib ilitumika baadaye kama ofisi za serikali ya Kiingereza, kisha makumbusho. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati wa ukarabati na kuua watu wawili.

Tazama pia

Beit al-Ajaib
Mji Mkongwe
Mirambo
Orodha ya Masultani wa Zanzibar