Sheikh Amri Abedi na Kiti cha Meya

Kila baada ya miaka mitano wananchi wa Tukuyu, wa Makandana na Bulyaga, wa Kawetele na kata nyinginezo za Rungwe, hupanga mstari kumchagua diwani. Mbunge twamjua kwa jina na kwa sura. Lakini tukiulizwa diwani wetu alisema nini katika kikao kilichopita cha halmashauri, wengi wetu twatazamana. Ndiyo sababu twaona yafaa leo kumkumbuka mtu mmoja ambaye jina lake twalisikia kila mara mpira unapochezwa Arusha, wala wengi hawajui kwamba kabla ya kuwa jina la uwanja alikuwa mtu wa baraza la mji. Mtu huyo ni marehemu Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Meya wa Dar es Salaam.

Sheikh Amri alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1924. Alisoma skuli ya Serikali ya Tabora, skuli iliyotoa viongozi wengi wa nchi hii. Ujana wake aliutoa kwa dini na kwa lugha. Aliingia katika Jumuiya ya Ahmadiyya, akawa mwanafunzi na msaidizi wa Sheikh Mubarak Ahmad, akashiriki katika kazi kubwa ya kuifasiri Kurani kwa Kiswahili, kazi iliyochapwa mwaka 1953. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake mwenyewe, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho mpaka leo hapana mtunzi wa Kiswahili awezaye kusema hakihitaji. Kisha akasafiri Pakistan kwa masomo ya dini, akarudi nyumbani wakati TANU imekwisha kuota mizizi vijijini na mijini.

Tutazame sasa baraza alilokuja kuliongoza. Dar es Salaam ilipewa Baraza la Manispaa mwaka 1949, nalo likaundwa kwa mfano wa Uingereza, na Meya wake, joho lake na mkufu wake. Mji wenyewe lakini ulikuwa umekatwa mapande. Palikuwa na Uzunguni penye bustani na barabara za lami, palikuwa na Uhindini penye maduka, na palikuwa na Kariakoo na Ilala ambako ndiko walikokaa walio wengi. Wajumbe wa mwanzo waliteuliwa na Serikali ya Mkoloni, na hata kura zilipokuja hazikuwa kura za kila mtu mzima. Mameya waliomtangulia Sheikh Amri walikuwa Wazungu na Waasia. Mchukuzi wa bandarini aliyelipa kodi yake na kuchota maji kwenye bomba la mtaa hakuwa na njia ya kumwuliza diwani kwa nini mfereji wa maji machafu uishie mlangoni pake.

Wala haikuwa kwamba Waingereza hawakujua kuwa mtu mweusi aweza kuongoza mji. Walijua vizuri. London kwenyewe, katika Battersea, mtaa wa wafanyakazi, John Archer aliyezaliwa Liverpool kwa baba wa Barbados na mama wa Ireland alichaguliwa diwani wa kata ya Latchmere mwaka 1906. Mwaka 1909 alishindwa, mwaka 1912 akarudi, na Novemba 1913 madiwani wenzake wakampa umeya kwa kura 40 dhidi ya 39. Kura moja tu! Archer alipigania mshahara wa vibarua wa baraza, na hakuna lililoporomoka katika Battersea kwa sababu Meya wake alikuwa mweusi. Miaka 47 ikapita kabla ya mji mkuu wa Tanganyika, nchi ya watu weusi, kuruhusiwa kuona jambo hilo hilo.

Njia ya kufikia hapo ilipitia kwenye kura ya kudhalilisha. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa mwaka 1958 na 1959 kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu; asiyefanya hivyo karatasi yake iliharibika. Kuandikishwa kulitaka elimu ya darasa la nane, au pato la pauni 150 kwa mwaka, yaani shilingi 3,000, au kazi fulani ya madaraka. Nyanda za Juu za Kusini zilikuwa miongoni mwa majimbo ya kwanza kupiga kura, Septemba 1958. Mkulima wa kahawa wa Rungwe, mwenye migomba yake, ng'ombe wake na heshima yake kijijini, kwa kanuni hiyo mara nyingi hakuwa mtu wa kuhesabiwa. TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikabishana sana, ikaamua kuingia katika uchaguzi huo mbaya ili kuuzika kwa kura zake yenyewe. Ikashinda. Wako waliojitenga na chama kwa uamuzi ule, na hatuwaoni kuwa walikuwa wapumbavu. Ila historia ilikwenda upande wa Tabora.

Mwaka 1960, basi, Sheikh Amri Abedi akawa Meya. Twaomba msomaji atazame jambo moja lisilosemwa mara nyingi. Waislamu wa Dar es Salaam kwa wingi wao ni Wasunni, na baina ya masheikh wao na Ahmadiyya palikuwa na ugomvi mkali wa mafundisho, ugomvi usiokuwa wa siri. Laiti watu wangetaka mwakilishi anayefanana nao katika kila kitu, Sheikh Amri asingefika popote. Alikuwa mtu wa bara katika mji wa pwani, na mtu wa madhehebu madogo katika mji wa madhehebu makubwa. Hata hivyo chama kilimpa kiti, na mji ukamkubali. Walimjua kwa Kiswahili chake, kwa elimu yake, na kwa kuwa alisimama na wananchi katika kudai uhuru. Desemba 1961, uhuru ulipopatikana, mji ukapandishwa kuwa Jiji mikononi mwake.

Baada ya umeya alipelekwa kuliongoza Jimbo la Magharibi, na mwaka 1963 akaingia katika Baraza la Mawaziri kuwa Waziri wa Sheria. Hapa ndipo kazi yake inapotugusa sisi wa Rungwe moja kwa moja. Mwaka huo huo Bunge lilifuta sheria ya machifu, na likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyoleta Mahakama za Mwanzo. Tangu Waingereza walipoleta utawala wa kupitia machifu, mwaka 1926, chifu wa Rungwe alikuwa mtawala na hakimu kwa wakati mmoja: aliyekutoza kodi ndiye aliyekuhukumu kwa kutolipa.

Wazee wetu hawakuuona utaratibu huo kuwa wa asili yao. Katika vijiji vya rika vya Wanyakyusa, vijana walijenga nyumba zao pembeni mwa za baba zao, na siku ya ubusoka, kizazi kipya kinapokabidhiwa nchi, huteuliwa amafumu, wakuu wa vijiji. Hao walitoka miongoni mwa watu wa kawaida, na mtoto wa mkuu wa kijiji aliyetangulia hakupewa nafasi ya baba yake. Chifu aliyedhulumu alikuwa na cha kuogopa, nacho ni imbepo sya bandu, pumzi ya watu. Iliaminiwa kuwa manung'uniko ya majirani humletea mtu baridi na maradhi. Hatusemi kwamba hiyo ilikuwa demokrasia kamili. Wanawake hawakuwamo, wala kura hazikuwamo. Lakini wazo la kwamba cheo hakirithiwi na kwamba mtawala hunung'unikiwa mpaka asikie, hilo halikuja Tukuyu kwa meli kutoka London.

Sheikh Amri Waziri hakumwacha Sheikh Amri mshairi nyuma. Alishika uongozi katika chama cha washairi, UKUTA, na alihimiza Kiswahili kiingie katika shughuli za sheria, kwa kuwa mshtakiwa asiyeelewa mashtaka yake hawezi kujitetea. Neno lenyewe latuchekesha kidogo: diwani kwa Kiswahili ni mjumbe wa baraza, na diwani vile vile ni mkusanyo wa mashairi. Ni wachache waliozishika zote mbili kwa haki.

Baada ya Muungano wa 1964 alipewa Wizara ya Maendeleo na Utamaduni wa Taifa. Hakuikalia sana. Oktoba 9, 1964 alifariki Bonn, Ujerumani ya Magharibi, umri wake miaka arobaini tu. Uvumi mwingi umezuka juu ya kifo chake, sisi hatuuandiki.

Kwa kufa mapema hakuona lililofuata, na wanachama wa chama hiki hatuna budi kulisema. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, Serikali yetu wenyewe ilivunja halmashauri za wilaya, Rungwe ikiwamo, na baadaye mabaraza ya miji nayo yakafutwa, hata lile la Jiji alilolikalia Sheikh Amri. Kazi za madiwani zikapewa maofisa. Nia ilikuwa kuwakaribishia wananchi madaraka, lakini mwananchi alijikuta akimwomba mtu ambaye hakumchagua wala hawezi kumwondoa. Barabara za vijiji zikaharibika, mitaro ya miji ikaziba, na mwaka 1978 ikabidi mabaraza ya miji yarudishwe. Sheria mpya zikapitishwa mwaka 1982. Mwalimu Nyerere mwenyewe baadaye alikiri hadharani kwamba kuzivunja halmashauri kulikuwa kosa, na ni viongozi wachache wa dunia waliokiri hivyo wakiwa bado madarakani.

Mwaka 1984 halmashauri zilifunguliwa tena kote nchini, na madiwani wa Rungwe wakarudi kuketi Tukuyu. Sheikh Amri alikuwa amekwisha kuwa kaburini miaka ishirini.