Paul Langerhans, munganga wa vile visiwa

Sisi wa mine, kifua kikuu tunakijua. Paul Langerhans naye kilimkamata mwaka 1874, kikamtoa kwenye kazi ya kufundisha kule Freiburg.

Alizaliwa Berlin mwaka 1847. Mwaka 1869, bado mwanafunzi, aliangalia pankreasi kwa mikroskopi, akaona makundi ya seli kama visiwa. Kazi yake hakuijua, na aliandika hivyo wazi, bila haya. Kumbe sukari ikipanda katika damu, mule ndani ndimo insulini inatoka! Hiyo ilikuja kujulikana nyuma yake.

Akahamia Madeira, akawa munganga wa Funchal, anatunza wagonjwa wenzake wa kifua. Figo zikamuua mwaka 1888, hata miaka 41 hakufikisha. Mwaka 1893 Mfaransa Laguesse akaviita vile visiwa kwa jina lake.