BILHARZ: JAMAA ALIYEMNASA MDUDU WA KICHOCHO

Wadau, huku Kisorya neno kichocho halihitaji mkalimani. Ila uliza kijiweni nani alimgundua mdudu wake, watu wataangaliana tu. Hospitali nako utasikia wanasema bilhazia. Kumbe hilo ni jina la mtu!

Theodor Bilharz alizaliwa tarehe 23 Machi 1825 huko Sigmaringen, Ujerumani. Akasomea udaktari, na mwaka 1850 akaenda Misri na mwalimu wake, Wilhelm Griesinger. Akafanya kazi hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo. Enzi hizo Wamisri wengi walikuwa wanakojoa damu na hakuna aliyejua chanzo chake.

Bilharz akawa anapasua maiti na kuchunguza. Mwaka 1851, akiwa na miaka 26 tu, akakuta minyoo midogo myeupe. Haikuwa kwenye utumbo kama minyoo tuliyoizoea, ilikuwa ndani ya mshipa wa damu unaoingia kwenye ini! Tena dume lina mfereji mwilini, humo ndo linambeba jike. Baadaye akaona mayai yake kwenye kuta za kibofu, akaelewa ile damu inatoka wapi.

Jamaa akaja kuwa profesa, akachunguza hadi samaki wa umeme wa mto Nile. Mwaka 1862 akasafiri na msafara wa mtawala mmoja wa Ujerumani hadi Massawa, ambayo leo iko Eritrea. Akashikwa na homa kali, akafariki Cairo tarehe 9 Mei 1862. Miaka 37 tu, jamani.

Alikufa bila kujua mambo mawili. La kwanza, konokono wa majini ndo wanaomlea huyo mdudu kabla hajamwingia mtu kupitia ngozi. Hilo lilithibitishwa na Mwingereza Robert Leiper mwaka 1915, hukohuko Misri. La pili ni kansa. Mayai mengi hayatoki na mkojo, yananasa kwenye nyama ya kibofu. Kibofu kinavimba na kuumia miaka nenda rudi, mwishowe seli zinaweza kuharibika zikawa kansa. Daktari Ferguson aliandika juu ya uhusiano huo akiwa Cairo mwaka 1911, na mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa kansa likamweka mdudu huyu kwenye orodha ya visababishi vya kansa.

Sasa tusichanganye mambo. Kichocho kinachopatikana zaidi ziwani ni cha tumbo, kinaumiza utumbo na ini. Cha mkojo, ndo hicho chenye kansa ya kibofu, kinapatikana zaidi kwenye madimbwi, malambo na majaruba ya mpunga. Vyote viwili vina dawa moja, prazikwanteli. Ila ukipona halafu ukarudi kwenye maji yaleyale, unaambukizwa upya.

Kwa hiyo mshkaji, ukiona damu kwenye mkojo usione aibu wala usijidanganye kwamba ni mambo ya ukubwa. Nenda kapime. Na kama kuna mzee nyumbani anakojoa damu, asiishie kumeza vidonge, mwambie aombe kibofu kiangaliwe vizuri.

Bilharz alimkamata mdudu bila kuwa na dawa. Sisi dawa tunayo, tunakwama wapi? Tupieni maoni hapo chini.